Maji Matupu

Shorobo aliletwa ndani ya mfuko wa unga
na Lokwawi, bawabu wa ghorofa moja huko Kileleshwa.
Aligonga kioo cha orofa ya tano
akidhani ameona mti.
Mti ulikuwa nyuma yake.

Mimi si mtu wa makumbusho.
Miaka kumi na miwili nimesuka vichwa soko la Kenyatta,
kibanda cha tatu kutoka kwa wachoma nyama,
moshi wa mbuzi ukiingia kwenye rasta za wateja.
Bwana Odera aliniita kwa sababu mikono yake imeanza kutetemeka
na unyoya, anasema, haumsubiri anayetetemeka.
"Wewe unajua nywele. Hizi ni nywele zenye mfupa."

Nikaviona vyombo vyake mezani:
kibano chembamba kama mdomo wa chozi,
sindano iliyofungwa kwenye kijiti cha aiskrimu,
mswaki wa mtoto, pini za fundi cherehani,
vipande vya karatasi ngumu, vimekatwa kwenye pakiti za majani,
birika lenye pua iliyopinda.
Nikatabasamu. Ni sanduku langu la kazi,
ila hiki kichwa hakitalalamika.

Unyoya uliokunjika haunyooshwi kwa nguvu.
Unaushika kwa kibano pale penye shina,
unaupitisha juu ya mvuke, mara moja, mara mbili,
nao unakumbuka wenyewe ulivyokuwa.
Unakumbuka: ndivyo asemavyo Bwana Odera.
Mimi nimeona nywele zikisahau
kwa mvuke uleule.

Uliopasuka unaubana kwa vidole viwili
kutoka shinani kwenda ukingoni,
taratibu, kama anayefunga zipu ya gauni la bibi harusi
aliyenenepa tangu kupimwa.
Vijinywele vinashikana. Tik.
Sikio halisikii, kidole kinasikia.

Damu ilikuwa imeganda kwapani.
Nikafanya kama ningemfanyia mteja yeyote:
maji ya vuguvugu, sabuni ya mche, povu.
Maji yakawa mekundu.
Nikasema ni damu. Nikasuuza. Yakazidi.
Bawa la kulia, lile tulilotaka kulitandaza
watu walione kutoka mlangoni,
likafifia mkononi mwangu
kama leso ya bei ya kutupa.

"Sabuni!" Kiti cha Bwana Odera kikaanguka.
"Huyu haoshwi kwa sabuni! Wekundu wake unayeyuka!"
Hukuniambia.
"Nilidhani nimekuambia."
Tukatazama beseni, wote wawili,
na hakuna aliyetaka kulimwaga.

La kushoto nililisafisha kwa maji matupu na pamba.
Nikamnyunyizia unga wa mahindi, ukanywa unyevu,
nikaupeperusha kwa mashine yangu ya kukaushia, hewa baridi,
nikiinua kwa sindano unyoya mmoja, mmoja mwingine,
mpaka ngozi ikapotea akabaki ndege.
Kisha pini, karatasi, uzi laini wa kuzungushia,
wiki mbili, kama mwanamke anayelala na kilemba
asiharibu alicholipia.

Lokwawi alikuja Alhamisi, siku yake ya mapumziko.
Akazunguka meza. Akasimama upande wa kulia.
"Huyu alikuwa mwekundu hapa," akasema. "Mimi ndiye niliyembeba."
Bwana Odera akaanza kueleza habari za mwanga na kivuli.
Nikamkata: ni mimi. Nilimwosha.
Bawabu akatazama vidole vyangu,
akatazama dirisha, kioo chake kisafi mno.
"Basi mgeuzeni," akasema. "Watu wamwone kushoto."

Juu ya bomba nimebandika karatasi,
kwa mwandiko niliokuwa nikiandikia bei za kusuka:
SHOROBO: MAJI MATUPU.
Bwana Odera huisoma kila asubuhi akinawa mikono,
midomo ikicheza,
kana kwamba ameiona leo.